Kutoboa Tailizi za Maua

"Lile bafu lako litamuua mzee," dada aliniambia kwenye simu, hata salamu hatujamaliza.

Baba yetu alikuwa ameanguka zizini kwake Butiama, akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji, akatoka hospitali na fimbo na sharti la kurudi kliniki Musoma mara kwa mara. Kumbeba kila safari kutoka kijijini kulikuwa kumtesa. Ilibidi akae karibu, na sisi watoto wake tuko wawili tu. Dada ameolewa Bunda, anaishi Manyamanyama na mume wake, na kwetu mzee halali kwa mume wa binti yake hata mvua inyeshe ya mawe. Kwa hiyo kwa dada palikuwa pameshafutwa kabla ya kutajwa. Palibaki kwangu, Iringo, hapahapa Musoma, kwenye nyumba ninayoishi peke yangu tangu mke wangu afariki.

"Tailizi zinateleza," dada aliendelea. "Wewe mwenyewe ulishaanguka humo. Weka bomba la kushikia ukutani, nije nilione kwa macho yangu. Usipoweka, mzee anabaki Butiama, mimi nitakuwa namwendeaga kila mwisho wa wiki."

Dada ni mkubwa kwangu na hajawahi kuniomba kitu, yeye hutangaza. Nikasema sawa.

Nilisema sawa haraka kuliko kawaida yangu, maana mimi ni mtu wa kubisha kwanza. Ukweli ni kwamba nilimhitaji baba kuliko yeye alivyoihitaji kliniki. Watoto wangu wameanza maisha yao mbali, hupiga simu Jumapili. Siku za msiba nyumba ilijaa. Akina mama wa jumuiya walipika uani kwa masufuria makubwa, wakasali rozari sebuleni, kisha wakapungua, kama ilivyo haki yao, maana kila mtu ana kwake. Nikabaki na sufuria ndogo. Mpaka leo sijui ugali wa mtu mmoja unasongwaje. Wangu daima unabaki, na asubuhi naukuta kwenye hotpoti umekauka, na hapo ndipo upweke unaponikamata vizuri, nikiwa nimeshika mwiko. Nilitaka mtu wa kumaliza naye ugali. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania nilipoanza kutoboa ule ukuta.

Lazima nieleze kwa nini baba hakuwahi kulala kwangu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kupishana. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawakutani mlangoni, na zaidi ya yote mzee haingii mahali mkwe wake anapovulia nguo. Bafu letu liko katikati ya korido, na korido ndiyo njia pekee ya kutoka sebuleni kwenda uani. Baba akija kututembelea, akitaka kwenda choo cha nje, alisimama kwanza mwanzo wa korido akakohoa. Kikohozi kikavu, cha makusudi, mara moja. Mke wangu akikisikia aliacha alichokuwa anafanya, akaingia chumbani au akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, akaitikia kutoka huko, "Pita, baba, nimeshapisha." Ndipo mzee alipopita, macho yake sakafuni. Alikunywa chai, alikula, alicheka na wajukuu, na jua likianza kushuka aliomba apelekwe stendi. Kuoga kwangu hakuwahi, kulala hakuwahi.

Mke wangu aliumia kwa hilo kuliko mimi. Ndiye aliyeanzisha kijumba cha nyuma, chumba kimoja cha tofali na kibafu chake, ili baba mkwe wake apate pa kulala na pa kuoga bila kupishana na mtu. Kuta zikafika urefu wa mlango. Kisha akaanza kuumwa, nguvu zetu zote zikaelekea hospitali, na kijumba kikabaki bila paa. Nikawa naweka kuni humo.

Sasa mke wangu hayupo, nikajiambia, kizuizi kimeondoka. Baba atalala chumba cha watoto, ataoga bafuni kama mtu mwingine yeyote. Lilikuwa wazo baya na nililijua kuwa baya hata nilipokuwa nalifikiri, kwamba kifo cha mke wangu kimenifungulia mlango wa kumleta baba. Nililishika hivyohivyo, kwa sababu sikuwa na lingine.

Mtu atauliza kwa nini sikuita fundi. Fundi wa mwisho kuingia bafuni mwangu alikuja kubadilisha bomba la maji lililokuwa linavuja. Akatazama ukuta, akaguna, akasema, "Mzee, hizi tailizi zimepitwa na wakati. Tuzing'oe zote nikuwekee za kisasa." Nilimlipa, nikamfungulia geti, sijamwita tena. Tailizi zenyewe ni nyeupe za kawaida, isipokuwa safu moja, usawa wa kifua, yenye maua madogo ya bluu. Hizo mke wangu aliziona kwenye duka moja Bunda siku tuliyotoka kumsalimia dada. Zilikuwa zimebaki chache. Akazipakata kwenye basi mpaka Musoma, hakutaka kondakta aziweke kwenye buti, na basi likiruka tuta alizikumbatia utafikiri kabeba mtoto. Halafu nimkabidhi mtu nyundo aingie nayo humo? Hapana.

Drili nilikwenda kuichukua Bunda, kwa shemeji, mume wa dada, ambaye ni seremala. Akaniuliza kama nimewahi kuitumia. Nikamwambia nafundisha jiografia, nimewaeleza wanafunzi jinsi mafuta yanavyochimbwa chini ya bahari, sitashindwa na ukuta wa bafu.

"Haya, mwalimu," akasema, akinifungia mashine kwenye mfuko wa salfeti. "Ila ukuta haunyooshagi mkono kuuliza swali. Wenyewe unapasukaga tu."

Jumamosi asubuhi niliweka simu juu ya sinki, nikafungua video ya mtu anayefundisha kazi hiyo. Alikuwa mzungu mwenye miwani ya plastiki na kifua kipana, na alitoboa huku anatabasamu. Nilimchukia mapema. Nilipima, nikachora alama kwa penseli juu kidogo ya safu ya maua, maana maua sikutaka kuyagusa. Nikachomeka waya, nikashika drili kwa mikono miwili, nikabonyeza.

Kelele ilinishtua. Tangu msiba nyumba haikuwa imesikia sauti kubwa kuliko redio, na hapo ghafla kuta zote zilikuwa zinaongea. Kwa dakika hiyo moja nilifurahi, naapa, nilifurahi kama mtu aliyepata wageni. Kisha ncha ya drili ikateleza. Tailizi ina ngozi ya kioo juu, na ncha niliyokuwa nimefunga ilikuwa ya kutobolea zege, butu, haina pa kuuma. Ikashuka kutoka kwenye alama yangu ya penseli, ikaburuza mchirizi, ikafika kwenye ua. Badala ya kuachia, mimi nikakandamiza. Drili ikagongagonga kama inapasua mwamba wa huko Makoko, na nikaona ufa unatembea kutoka kona moja ya tailizi mpaka kona nyingine, polepole kabisa, ua likagawanyika vipande viwili.

Nikazima mashine. Mzungu kwenye simu alikuwa bado anatabasamu.

Nilipindua ndoo nikaikalia, nikalia. Makaburini nilikuwa nimejikaza, watu wakanisifia uanaume. Pale bafuni nililia kwa sauti, kamasi zinatoka, na hakukuwa na mtu wa kusema nyamaza. Nilimwambia mke wangu nisamehe. Nilimwambia mara nyingi. Nikasikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye zile tailizi, nikaona aibu, nikaenda kunawa uso.

Jioni nilimpigia shemeji.

"Ulizima nyundo?" akaniuliza.

"Nyundo gani?"

"Pembeni ya mashine kuna alama ya nyundo. Ukiiacha hapo, haitoboi peke yake, inagonga pia. Tailizi haigongwagi, mwalimu."

Nyuma yake nilimsikia dada akiuliza kwa ukali, "Amevunja?"

"Hajavunja," shemeji akamjibu, na tangu siku hiyo nampenda. Kisha akanieleza taratibu. Ninunue ncha iliyochongoka kama mkuki, ya kutobolea kioo. Nibandike selotepu kwenye alama ili ncha isiteleze. Niwe namwagia maji. Nyundo niwashe tu nikishaipita tailizi na kuingia kwenye tofali.

Nilinunua ncha. Safari hii sikuuamini mkono wangu, nikaenda kwanza kwenye kijumba cha nyuma kutafuta tailizi nyeupe zilizobaki nijifunzie. Nilipoondoa kuni nikalikuta boksi ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Ndani mlikuwa na tailizi za maua, nne. Mke wangu ndiye aliyezitenga siku mafundi walipokuwa wanamaliza bafu la ndani, akawaambia, "Hizi msiguse, ni za bafu la baba." Nilikuwepo nikimsikia. Ningeweza kuchukua moja nikabadilisha ile iliyopasuka, na mtu yeyote angefanya hivyo. Nilifunga boksi nikalirudisha mahali pake, nikabeba zile nyeupe.

Nilijifunza uani, tailizi imelazwa juu ya mchanga. Niliharibu kadhaa. Nikajua kwamba mkono ukiwa na hasira tailizi inajua. Unaanza polepole kabisa, ncha inazunguka kama haina haraka ya kufika, maji yanageuka maziwa, kisha kuna sauti inayobadilika, kutoka mlio mkali kwenda mlio mzito, na hapo ndipo umepita. Mimi ni mtu wa hasira. Kukaa nimeinama vile, nikisubiri sauti ibadilike, kulinishinda mara nyingi, na mara nyingi niliacha nikaenda kumtukana mtu wa kwenye simu.

Mwishowe nikatoboa ukuta wenyewe, matundu manne, mawili kila upande. Nikasukuma plagi za plastiki ndani, nikakaza skrubu, nikafunga bomba. Nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Halikutikisika. Dada alipokuja kukagua naye alining'inia, na dada si mwepesi. Akauona ufa kwenye ua. Akaupitisha kidole, akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutangaza chochote.

"Tutamleta," akasema tu.

Baba aliletwa na mfuko mmoja na redio yake. Nilinunua sato kwa mama mmoja anayeleta samaki kutoka Kiriba, nikasonga ugali wa mtama na muhogo, mgumu kama anavyoupenda. Tukala kimya, kama wanaume wa kwetu wanavyokula. Mwishoni baba alichukua tonge la mwisho, akafuta sahani nalo. Ugali uliisha. Nilipeleka vyombo jikoni nikasimama pale mbele ya hotpoti tupu, nikaogopa hata kupumua, nisije nikaiharibu ile furaha.

"Maji ya kuoga tayari, baba," nikamwambia.

"Leo nimechoka. Nitaoga kesho."

Kesho yake asubuhi nikamsikia anakohoa mwanzo wa korido. Kikohozi kikavu, mara moja, kisha kimya, kisha fimbo yake ikigonga sakafu kuelekea uani. Mchana tena. Jioni tena. Nikapata hofu. Nilishasikia kwamba mzee aliyelala sana hospitali kifua huweza kumjaa, na mimi sikuwa tayari kwa jeneza lingine. Nilikimbia duka la dawa nikarudi na chupa ya dawa ya kikohozi. Baba akaisoma, akaigeuza, akaiweka kando ya redio.

"Sikohoi," akasema.

"Nakusikia, baba."

"Sawa," akasema, na dawa hakuinywa.

Na kuoga pia akawa na sababu. Jana baridi, upepo wa ziwani. Leo ameshaoga mapema, nilikuwa bado nimelala. Sikuona tone la maji sakafuni, sabuni niliyomnunulia ilikuwa kavu kwenye karatasi yake, lakini mtu hamwiti baba yake mwongo.

Halafu asubuhi moja niliamka kabla yake kupasha uji. Nikamsikia anapita koridoni, akatoka. Kupitia dirisha la jikoni nikaona amepita jiwe la kufulia, amezunguka nyuma ya kijumba kisicho na paa, na beseni liko chini, fimbo imeegemezwa. Nikaona bega lake lililolowa na mkono mmoja umeshikilia tofali. Nikageuza uso haraka, maana baba hatazamwi, lakini nilikuwa nimeshaona mguu wake mbovu ukiteleza kwenye povu, akajishika.

Nilisubiri mpaka alipovaa. Nilisubiri na hasira inachemka pamoja na uji, na uji ukaungua.

"Baba, unataka kufa?" nilimwambia alipofika mlangoni, na sauti haikuwa ya kumwambia baba. "Nimekuwekea bomba. Nimetoboa ukuta kwa mikono yangu mwenyewe. Nimepasua tailizi ya..."

Baba alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alimaliza vyote kwanza.

"Bomba nimeliona," akasema. "Nilichungulia nikiwa mlangoni. Umelifunga vizuri. Ila uliliweka juu sana, mimi naogaga nimekaa kwenye kigoda, sijuagi kuoga nimesimama kama farasi."

"Ningelishusha! Si ungesema!"

"Hata ukilishusha. Lile ni bafu la mkwe wangu."

"Baba, hayupo."

"Najua hayupo. Udongo si nilitupa na mimi?" Akashika fimbo yake. "Kwani mtu akifa, anaachaga kuwa mkwe?"

Niligeuka kuutoa uji ulioungua motoni.

"Yule mtoto aliniheshimu miaka yote," baba akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja. "Hakuwahi kunikuta njiani. Leo niingie nivue nguo zangu anapovuliaga zake, kwa sababu hawezi kunisikia? Hiyo ni kumfukuza kwake. Siwezi. Jumamosi dada yako akija, nitarudi naye Butiama. Kule naogaga nyuma ya nyumba, hakuna ninayemkosea."

Akanipita kuingia ndani. Alipofika kwenye korido, upande huu wa uani, akasimama. Akakohoa. Mara moja. Akasubiri, kichwa kimeinama, kwa muda ambao mwanamke mwenye kazi mkononi angehitaji kuweka sufuria chini na kuingia chumbani. Kisha akapita, macho sakafuni, mbele ya bafu na mbele ya chumba chetu.

Nilibaki na mwiko mkononi. Hakuwa anaumwa kifua. Siku zote hizo alikuwa anampa mke wangu nafasi ya kupisha.

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Tangu msiba kila mtu amekuwa akinisaidia nizoee kwamba hayupo. Nguo zake tuligawa, mambo ya benki tulifunga, shuleni wenzangu waliacha kumtaja wakidhani wananihurumia, na watoto wangu kwenye simu huzunguka jina lake kama shimo la barabarani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kulalia upande wake wa kitanda. Na huku kulikuwa na mzee mmoja mwenye nyonga ya chuma ambaye, mara kadhaa kwa siku, alisimama kwenye korido tupu na kumpisha. Nilitambua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemwondoa. Niliona uchungu, na ndani ya uchungu huo niliona kwamba sikuwa peke yangu humo ndani kama nilivyodhani.

Mchana nilimfuata sebuleni, nikazima redio yake, jambo ambalo hapendi.

"Usiondoke," nikamwambia. "Nitamalizia kile kijumba cha nyuma. Ni chako. Yeye ndiye aliyekianzisha, alisema ni cha kwako."

Baba alirudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kwenye redio.

"Yeye alisema hivyo?"

"Mpaka tailizi alikutengea."

Akageuka kutazama dirishani. "Hamkuniambia," akasema. Baada ya hapo akawasha redio mwenyewe.

Jumamosi dada alikuja na gari akarudi Bunda peke yake, akinung'unika kwamba sisi wanaume hatuna msimamo. Mabati nililipa watu wakapiga. Plasta na sakafu, hivyohivyo, na sakafu niliwaambia waiache na mikwaruzo, isiteleze. Lakini ukuta wa bafu niliushughulikia mwenyewe. Zile tailizi nne nilizibandika chini, usawa wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Baba alikuwa amejiletea kiti uani, anasimamia.

Ilipofika kutoboa, niliifuta ncha ya drili mara mbili. Zilikuwa nne tu, na duniani hakuna nyingine. Nililing'oa lile bomba la bafu la ndani nilitumie huku? Hapana, lile nililiacha lilipo; nilinunua jingine. Nikabandika selotepu, nikazima nyundo, nikahakikisha tena kwamba nimezima nyundo.

"Polepole," baba akasema kutoka kwenye kiti. "Huchinji ng'ombe."

Nilikwenda polepole. Maji yakageuka maziwa, yakashuka juu ya maua ya bluu. Nilisubiri sauti ibadilike, na safari hii nilisubiri kweli, wala sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Ikabadilika. Tundu la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, na hakuna ua lililopasuka. Nilipofunga bomba baba aliingia na nguo zake zote, akakaa kwenye kigoda, akalishika, akajivuta. Nyonga ikasita. Akajivuta tena, akasimama mwenyewe, akabaki amesimama hapo kwenye kibafu ambacho mkwe wake alimkusudia, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine ukigusa ua moja la bluu.

"Hapa sawa," akasema. "Hapa naogaga bila wasiwasi."

Hakuwa ameoga hapo hata mara moja, lakini nilielewa.

Analala huko nyuma sasa. Mtu asije akadhani upweke umekwisha, haujaisha. Usiku nyumba ni ileile na kitanda ni kilekile. Ila ugali unaisha. Na asubuhi huja kunywa uji sebuleni, na ili afike sebuleni lazima apite koridoni.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuhamia kule nilikuwa bafuni nanyoa ndevu, mbele ya ile tailizi yenye ufa. Mlango wa uani ukafunguliwa. Fimbo ikasimama. Akakohoa, mara moja, kisha kimya kikaja, kile kimya ambacho siku zote alikuwa akikihesabia mwenyewe mpaka kiishe, kwa kuwa hakukuwa na wa kumjibu.

Nikafunga maji. Nikashika lile bomba langu lililowekwa juu sana.

"Pita, baba," nikasema. "Ameshapisha."

Fimbo ikaanza tena kugonga sakafu, ikapita mlango wa bafu taratibu, ikaelekea kwenye uji.